Kiwanda kidogo cha bia cha Coulthard, New York (1792–1852): jengo lililobebeshwa mauaji 5,475

Mpingo wa Bronx (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeulaza kiporo tangu mwezi wa tatu. Leo sina zamu, naumwaga.

Nilimsindikiza shemeji yangu kwenye miadi ya uhamiaji pale Federal Plaza, Manhattan ya kusini. Waliowahi kufika wanajua: jua halijachomoza, foleni imeshazunguka kona, kila mtu amekumbatia bahasha ya kaki kama mtoto mchanga. Shemeji akaingia, mimi nikabaki nje na baridi yangu. Kahawa ilipoisha nikaanza kuzurura nyuma ya majengo ya mahakama, Worth, Baxter, hadi kwenye kibarabara kinaitwa Mosco, kifupi kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzoni unaitikiwa mwishoni. Pembeni kuna bustani ya Columbus. Wazee wa Kichina walikuwa wanacheza sataranji ya kwao, mmoja anapiga zeze la nyuzi mbili, hakuna anayemsikiliza na wala hajali.

Sikujua nimekanyaga wapi. Niliporudi nyumbani nikaanza kuchimba, ndipo nikagundua kumbe ile ndiyo Five Points, mtaa uliotukanwa kuliko mtaa wowote wa Marekani katika karne ya 19. Na katikati ya matusi yote hayo lilikuwepo jengo moja: kiwanda kidogo cha bia kilichojengwa mwaka 1792. Kikaacha kupika bia mwaka 1837, kikagawanywa vyumba vya kupangisha, kikavunjwa Desemba 1852. Miaka sitini tu, lakini umaarufu wake mbaya haujaisha hadi leo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: tope ndilo lililolimaliza jengo lile, na jina likaja kumalizwa na waliokuwa wakichangisha pesa kwa ajili yake. Wapangaji wamebebeshwa tu.

Ngoja nile kwanza, narudi.

Jogoo la Shamba

Naweka kigoda hapa. Ila mkuu hii tabia ya kufungua uzi halafu unaenda kula muiache.

Bint Chumbageni

Ukirudi utuambie na kiwanda chenyewe kilikuwaje. Usianzie kwenye mauaji kama wote.

Mpingo wa Bronx

Nimerudi. Dada Bint, nilikuwa na nia hiyohiyo.

Kiwanda kilikuwa cha mtu anaitwa Coulthard. Wakati huo New York yote ilikuwa imejibana kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, na pale alipojenga ni nje kidogo ya mji. Alipafuata maji. Kulikuwa na bwawa kubwa la maji baridi, karibu ekari 48, kina chake kinafika mita 18 hivi, linalishwa na chemchemi za chini. Waholanzi walioliona kwanza waliliita kwa neno lao la bwawa, kolck. Waingereza walipouchukua mji ulimi ukateleza, likawa Collect. Miaka na miaka ndiyo maji ya kunywa ya mji. Wakati wa baridi likiganda watu wanateleza juu ya barafu, kiangazi wanavua samaki. Mwaka 1796 mvumbuzi John Fitch alijaribu boti yake ya mvuke mulemule bwawani, miaka 11 kabla Robert Fulton hajapata sifa kwenye mto Hudson.

Sasa pale pale penye maji mazuri kila mwenye kazi chafu akapasogelea: viwanda vya ngozi, machinjio, wafinyanzi, na wapika bia akiwemo huyu wetu. Mwenye ngozi anahitaji maji ya kulowekea na kusafishia, mwenye machinjio anahitaji maji ya kuoshea damu, na maji yakishatumika yanarudi wapi? Bwawani. Karne ya 19 inaanza, bwawa linanuka.

Kimea

Hapo kwenye maji niingilie kidogo, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha bia miaka 11 kabla ya kustaafu.

Watu wanadhani bia ni shayiri. Bia ni maji. Kupata lita moja ya bia unatumia lita kadhaa za maji: kuloweka nafaka iote upate kimea, kupikia, kupoozea, halafu kuosha. Kuosha ndiko kunakomaliza maji, maana chombo kikibaki na uchafu kidogo, pipa zima linachacha. Kwa hiyo mpika bia wa zamani akitafuta kiwanja anaangalia chemchemi kwanza, barabara baadaye.

Na huyo Coulthard hakuwa anapika bia hii tunayokunywa sisi. Laga ilifika Marekani na Wajerumani miaka ya 1840, yeye ameshafunga. Yake ilikuwa ya namna ya Kiingereza, hamira yake inapanda juu na inafanya kazi kwenye joto la kawaida, haidai barafu wala mapango ya baridi. Inaiva kwa siku chache. Ndiyo maana kiwanda kama hicho kinaweza kuwa jengo la ghorofa chache tu: nafaka unaipandisha juu, maji ya moto yanashuka, kila hatua inateremka kwa uzito wake mpaka kwenye mapipa chini. Ukilitazama jengo la namna hiyo kwa ndani halina vyumba, lina kumbi kubwa zenye giza na ngazi. Hilo mlishike, maana mleta uzi nadhani anaelekea huko.

Jambo lingine: kwenye miji ambayo maji yake yameharibika, bia ndiyo ilikuwa salama kuliko maji, kwa sababu imechemshwa. Watoto nao walikuwa wanapewa ile nyepesi.

Babu wa Tandika

Na machicha wanawapa nguruwe na ng'ombe, kama huku kwetu wenye ng'ombe wa maziwa wanavyopanga foleni na pikapu kununua machicha ya bia.

Kimea

Hasa, mzee wangu. New York ya wakati huo nguruwe walikuwa wanatembea barabarani kama mbwa.

Mpingo wa Bronx

Asante sana Kimea, umenirahisishia. Tuendelee na bwawa.

Mji ukaamua kulifukia. Kulikuwa na mlima jirani, wakaukata, udongo wake wakaumwaga bwawani pamoja na takataka za mji. Kazi ikaisha mnamo 1811. Maji ya chemchemi yaliyokuwa yanaendelea kutoka wakayachimbia mfereji kuelekea mtoni, mfereji wenyewe ukanuka, ukafunikwa, ukawa barabara. Ndiyo Canal Street mnayoisikia, pale wanapouza mikoba ya bandia.

Viwanja vipya vikauzwa. Watu wa heshima wakajenga nyumba nzuri za mbao na matofali. Lakini mtu aliyefukia bwawa kwa takataka hakuliambia bwawa liache kutoa maji. Udongo ukaanza kuzama. Nyumba zikainama, milango haifungi, vyumba vya chini vinajaa maji mvua ikinyesha, na ikikauka harufu inapanda kutoka kwenye ile mizoga na majani yanayoozea chini. Hata gereza la serikali lililojengwa juu ya bwawa lile na kufunguliwa mwaka 1838, lile la mtindo wa Kimisri lililoitwa Tombs, yaani Makaburi, lilianza kuzama na kupasuka mara tu baada ya kujengwa. Hilo ni gereza la mawe, wakuu. Sembuse nyumba ya mbao ya mshona viatu.

Mwenye uwezo akahama. Hakuuza, akapangisha.

Babu wa Tandika

Hapo umenikumbusha bonde la Msimbazi. Maji yana kumbukumbu kuliko idara ya ardhi.

Jogoo la Shamba

Babu bana 😂

Mpingo wa Bronx

Sasa mtaa ukawa hivi. Njia tatu zilikutana vibaya, Orange, Cross na Anthony, moja ikiishia hapohapo, zikaacha pembe tano. Ndiyo jina Five Points. Ukizitafuta njia hizo leo kwenye ramani huzioni: kuanzia miaka ya 1850 mji ulianza kuzibadilisha majina ili kuondoa nuksi. Orange ikaitwa Baxter na Anthony ikaitwa Worth, majina ya maofisa wa jeshi wa vita vya Mexico. Cross ikawa Park, na kipande kilichosalia ndiyo Mosco ile ya chafya.

Waliohamia ni nani? Waafrika waliotoka utumwani, maana jimbo la New York lilimaliza utumwa kabisa tarehe 4 Julai 1827. Waairishi, kwanza wachache, halafu baada ya viazi kuoza kwao kuanzia 1845 wakaja kama siafu. Wajerumani. Wayahudi waliokuwa wanauza nguo za mitumba. Mwaka 1832 kipindupindu kikapiga, mji mzima ukapoteza zaidi ya watu 3,000, na Five Points ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Magazeti yakaandika kwamba ni kwa sababu ya ulevi na uasherati. Hakuna aliyesema maji.

Mwaka 1837 uchumi wa Marekani ukaanguka vibaya, mabenki yakafungwa. Mwaka huohuo kiwanda cha Coulthard kikaacha kuwa kiwanda. Wakaingia mafundi na mbao, zile kumbi za Kimea zikakatwakatwa. Jengo likaanza kuitwa Old Brewery, Kiwanda cha Bia cha Zamani.

Sasa fikiria. Kiwanda hakina madirisha ya kutosha, hakikujengwa mtu alale. Ukisimamisha kuta za mbao katikati ya ukumbi, chumba cha ukutani kinapata dirisha, vile vya katikati vinapata giza. Mchana taa, usiku taa, na mafuta ya kuwashia taa ni hela. Choo kiko nje, uani, cha shimo. Maji ya bomba ya Croton yaliingia mjini mwaka 1842, lakini kuingia mjini na kuingia kwenye nyumba ya mpangaji ni habari mbili.

Chumba kimoja kikubwa wakakibandika jina la Pango la Wezi. Kichochoro cha pembeni wakakiita Uchochoro wa Wauaji. Na hapo ndipo hadithi inapoanza kunenepa.

Jogoo la Shamba

Sasa tumefika. Mimi nilisoma mahali kwamba mle ndani walikuwa wanaishi watu zaidi ya 1,000, na mtu anauawa kila usiku kwa miaka 15 mfululizo. Na wengine hawakuwahi kutoka nje tangu wazaliwe. Na kiwanda kiliitwa cha Coulter, siyo Coulthard. Mbona wewe unakuja na lako?

Mpingo wa Bronx

Jogoo, uliposoma napajua. Mwandishi wa habari mmoja mwaka 1927, miaka 75 baada ya jengo kuvunjwa, alizikusanya simulizi za vijiweni akazipamba vizuri sana. Jina la Coulter ni kosa lilelile linaloambukizwa toka kwake. Wote waliomfuata wamenakili, filamu nazo zikanakili kwa walionakili.

Tupige hesabu ya mangi wa dukani. Mauaji 1 kila usiku, siku 365, miaka 15. Ni 5,475. Mji wote wa New York mwaka 1850 ulikuwa na watu 515,000 na ushee. Maiti 5,475 kutoka mlango mmoja, polisi wasione, magazeti yaliyokuwa yanapenda damu kuliko kunguni yasiandike orodha hata moja?

Halafu wakazi. Sensa ya serikali ya mwaka 1850 ilipita mle ndani. Karani aliandika watu 221 katika makazi 35. Ni msongamano mkubwa, watu sita na zaidi kwa kila makazi, wengine chumba kimoja. Sisemi ilikuwa hoteli. Lakini watu 221 si 1,000. Na ukiua mmoja kila usiku katika watu 221, miezi saba na siku chache jengo ni tupu, hakuna wa kulipa kodi. Mwenye nyumba gani atakubali?

Jogoo la Shamba

Hahaha hiyo ya kodi imenimaliza. Haya nimesalimu amri nusu. Karani wa sensa aliingia Pango la Wezi kweli, au aliandikia mlangoni?

Mpingo wa Bronx

Swali zuri, na hata hapa leo makarani wengine wanaandikia mlangoni. Ongeza watu, mara mbili ukitaka. Bado hufiki 1,000.

Bint Chumbageni

Kaka Mpingo, umewataja Waafrika ukawapita haraka. Ningependa tukae hapo. Mimi nilipokuwa New York kwa masomo nilipelekwa kwenye makaburi ya Waafrika, ni hatua chache kutoka Federal Plaza unayoisema. Yana uhusiano na hilo bwawa?

Mpingo wa Bronx

Yana uhusiano wa moja kwa moja, na ndiyo sehemu iliyoniuma zaidi.

Wakati wa utumwa Waafrika hawakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa ndani ya mji. Walipewa ardhi mbovu nje ya mji, jirani na bwawa la Collect. Inakadiriwa walizikwa watu 15,000 hivi, hadi mwaka 1794 palipofungwa. Kwa hiyo Coulthard anapojenga kiwanda 1792, ng'ambo ya pili ya bwawa bado mazishi yanaendelea. Halafu wakafukia, wakajenga juu, wakasahau.

Mwaka 1991 serikali ya Marekani inachimba msingi wa jengo la ofisi pale 290 Broadway, zikaibuka fuvu na mifupa. Watu weusi wa New York wakasimama kidete mpaka uchimbaji ukabadilishwa. Mabaki ya watu 419 yalipelekwa Chuo Kikuu cha Howard kuchunguzwa, na Oktoba 2003 yakarudishwa yakazikwa upya kwa heshima, kwenye majeneza ya mbao yaliyochongwa Ghana. Mwaka 2006 pakatangazwa kuwa mnara wa taifa.

Na waliobaki hai hawakuwa wa kuonewa huruma tu. Pale Orange Street kulikuwa na ukumbi wa ngoma wa mtu mweusi anaitwa Pete Williams. Mwaka 1842 mwandishi wa Kiingereza Charles Dickens alipotembelea Amerika alipelekwa huko, kasindikizwa na polisi wawili kama anaingia mbugani, akamkuta kijana mweusi anacheza, akatoka mdomo wazi. Inaaminika alikuwa William Henry Lane, aliyejulikana kwa jina la Juba. Kijana alikuwa anachanganya miguu ya Kiairishi na ya Kiafrika kwenye sakafu moja ya mbao. Ile ngoma ya kugonga viatu ambayo Wamarekani wanajivunia, mzizi wake mmoja uko hapo, kwenye tope la bwawa, mita chache kutoka kiwandani.

Bint Chumbageni

Asante. Hii ndiyo nilikuwa nataka. Na huyo Dickens aliliingia jengo la bia?

Mpingo wa Bronx

Aliandika juu ya nyumba za mtaa ule, ngazi zinazotetemeka na watu wamelala sakafuni. Siwezi kumsukumia mlango usiokuwa wake.

Haya, tufike kwenye kuvunjwa.

Kulikuwa na chama cha akina mama wa kanisa la Methodisti, cha umisheni wa nyumbani. Mwaka 1850 wakamleta mchungaji Louis Pease na mkewe wakae Five Points. Pease alipofika akaona mambo kwa macho yake: wanawake wanamwambia, mchungaji, tutaacha hii biashara ya mwili, tule nini? Akaenda kwa wafanyabiashara wa nguo akaomba vitambaa vilivyokatwa, akawafungulia wanawake chumba cha kushona mashati. Akina mama wa chama wakaja kukagua wakakuta cherehani za mkono, sindano na nyuzi, hawakukuta mahubiri ya kutosha. Wakatofautiana, Pease akaenda kuanzisha taasisi yake, na akina mama wakaendelea na yao.

Kimea

Samahani nikukatize, cherehani za mkono 1850? Cherehani zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, maskini wa Five Points angeipata wapi. Watakuwa wanashona kwa mkono mtupu.

Mpingo wa Bronx

Umenishika mkuu. Futa cherehani. Sindano na nyuzi.

Akina mama wakaliangalia lile jengo wakaamua kulinunua. Dola 16,000, pesa nyingi sana kwa siku zile. Unazipataje? Unachangisha. Na kuchangisha kwa tajiri wa Broadway huwezi kumwambia "kuna nyumba ina watu 221, wengi ni wajane na washona nguo, paa linavuja." Tajiri anapiga miayo. Unamwambia kuna ngome ya shetani, kiwanda cha pombe kilichogeuka pango la mauaji, sisi tutaibomoa tujenge nyumba ya sala. Hapo mkono unaingia mfukoni. Na ile bahati kwamba jengo lilikuwa la bia! Lingekuwa ghala la unga hadithi isingenoga hivyo. Sijasema akina mama walidanganya. Shule yao ilisomesha watoto kweli, na watu walilishwa kweli. Nasema waliongeza chumvi kwa sababu chumvi ilikuwa inalipa, na mwaka 1854 wakatoa kitabu kizima cha jengo la zamani na jengo jipya, nacho kikauzwa kusaidia kazi.

Desemba 1852 wapangaji walikuwa wameshatolewa, mafundi wakaanza kubomoa. Mwaka uliofuata jengo jipya la misheni likasimama palepale.

Babu wa Tandika

Na wale 221 walikwenda wapi?

Mpingo wa Bronx

Mzee wangu, hilo ndilo swali ambalo kwenye kitabu cha misheni halina sura yake. Wachache walipata nafasi misheni. Waliobaki walihamia nyumba ya jirani, na vyumba vya nyumba za jirani vilikuwa vilevile. Mtaa uliendelea na sifa yake miaka 40 zaidi, hadi mwandishi wa habari Jacob Riis alipoupiga picha na kelele zake zikasababisha upande wa barabara ya Mulberry kubomolewa, ukafunguliwa kuwa bustani mwaka 1897. Ndiyo bustani ya Columbus yenye zeze.

Jogoo la Shamba

Mkuu una ushahidi wowote wa vitu? Siyo karatasi za sensa. Vitu vya kushika.

Mpingo wa Bronx

Jogoo, uliza tena polepole maana jibu linauma.

Mwaka huohuo wa 1991, wakijenga mahakama mpya ya Foley Square, wanaakiolojia walichimba kipande cha Five Points. Walifukua visima na vyoo vya shimo vya wapangaji. Msicheke, choo cha shimo ni kabati la historia: kikombe kikivunjika kinatupwa mle, mwanasesere, kiko, chupa ya dawa, mifupa ya mchuzi wa Jumapili. Vilipatikana vitu kama 850,000. Na vitu vyenyewe vilikuwa vinabishana na hadithi. Vikombe vya chai vyenye maua kutoka Uingereza. Pini na vipande vya kitambaa vya washona nguo, vingi ajabu. Mifupa ya nyama inayoonyesha watu walikuwa wanakula vizuri kuliko tulivyoambiwa. Na kikombe kimoja ndicho nilichokipenda: kina picha ya Padri Theobald Mathew wa Ireland, yule aliyekuwa anazunguka akiwaapisha watu kuacha pombe. Hebu fikiria, umbali mfupi kutoka kwenye kiwanda cha bia kinachosemwa ni kuzimu ya walevi, kuna familia ya Kiairishi imeweka kabatini kikombe cha kukataa pombe.

Vitu vyote hivyo vilihifadhiwa kwenye chumba cha chini cha jengo namba 6 la World Trade Center.

Bint Chumbageni

Usiniambie.

Mpingo wa Bronx

Septemba 11, 2001. Vilipona 18, kwa sababu vilikuwa vimeazimwa kwa maonyesho na jimbo kuu Katoliki la New York. Katika 850,000, vilibaki 18.

Kimea

Dah. Nimekaa kimya dakika tano hapa.

Babu wa Tandika

Na hao waliotupa kikombe chooni walidhani ndiyo wamekipoteza.

Kimea

Mpingo, jambo moja linanisumbua kiufundi. Bwawa lilifukiwa 1811, kiwanda kikafunga 1837. Miaka 26 hiyo Coulthard na waliomfuata walikuwa wanapikia maji gani?

Mpingo wa Bronx

Mkuu, chemchemi hazikufa. Bwawa lilifukiwa juu, maji yakaendelea kutembea chini, na mtu akichimba kisima uani anayapata, ingawa yamepita kwenye takataka ya miaka yote hiyo. Wewe mwenyewe umesema bia inachemshwa.

Kimea

Inachemshwa, lakini harufu haichemki ikaisha. Sitaki kuonja bia ya 1836.

Jogoo la Shamba

Mimi ningeonja. Kwa hiyo leo pale hakuna hata jiwe? Hata kibao?

Mpingo wa Bronx

Jengo limeliwa na majengo ya mahakama. Ila mitaa miwili mitatu kutoka hapo, upande wa Centre Street, kuna bustani ndogo inaitwa Collect Pond Park, wameweka kidimbwi cha kina kifupi cha kukumbuka bwawa. Siku ile nilikipita. Kilikuwa kikavu, wamekitoa maji kwa ajili ya baridi, chini kuna majani na kikombe cha karatasi. Nilikaa kwenye benchi pale hadi shemeji akapiga simu kwamba ametoka.

Bint Chumbageni

Na shemeji aliambiwaje?

Mpingo wa Bronx

Arudi mwezi wa tisa na karatasi moja zaidi. Nitamsindikiza tena, nadhani kidimbwi kitakuwa na maji. Nitawaletea picha.

Babu wa Tandika

Mpe pole. Na mwambie bahasha aiweke kwenye mfuko wa nailoni, mwezi wa tisa huko kuna mvua.